Mawe ya Redio

Tulikuwapo baba yangu Petro, mimi, na Anastazia, mkimbizi tuliyemhifadhi kwetu Keza. Juzi nimemwona mjukuu wangu akianika betri za redio juani, nikaikumbuka alasiri ile.

Redio ilikuwa ikisoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Anastazia alisikiliza akilia, nami nikadhani watu wa mle ndani wanamtesa. Baba alipoyaanika mawe ya redio, yaani betri zake, yapate nguvu, niliyatumbukiza chooni yangali ya moto.

"We mtoto, mawe yako wapi?" baba aliuliza.

"Sijui, baba."

Jirani yetu Bernadeta akaja mbio. "Anastazia, wamemtaja mwanao Yohana! Yuko hai, kambini!"

"Kambi gani, dada?"

"Redio yangu ilikoroma, sikushika."

Anastazia alikufa bado akiuliza. Kama nimekumbuka vibaya, au yupo aliyelisikia jina la kambi ile, anisahihishe.