Kikohozi cha Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na saba Bujiku alimjua mama mkwe wake kwa masikio tu. Ukweni kwake, Mwamapalala, mila ya wakwe bado ilishikwa vilivyo: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huchepukia shambani mpaka mwenzake apite. Mjini Bariadi siku hizi wapo wanaokaa kochi moja na wakwe zao wakitazama tamthilia, na hakuna aliyekufa. Lakini Mama Nyanjige hakuwa mtu wa kochi. Salamu zake zilimfikia Bujiku kupitia ukutani, naye alizijibu ameinama, akitazama viatu vyake.

Usidhani ni mtu wa haya. Bujiku ni fundi wa baiskeli na plau pale Nkololo, ana mikono mipana na mdomo usiojua kupumzika. Ukimpelekea tairi lililopasuka utaondoka na tairi lililozibwa pamoja na habari za kata nzima. Karibu na kibanda chake kuna kona inayoangusha pikipiki kila msimu wa pamba, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakimbilia majeruhi. Aliwanyanyua hobelahobela, huyu kashika mikono yule miguu, akawamwagia maji kichwani na kuwapakia kama viroba. Alifanya kwa moyo mweupe. Baadaye alikuja kujua kwamba huenda baadhi yao aliwaumiza zaidi, na jambo hilo linamkera mpaka leo.

Alilijua kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyofanyika ofisi ya kata. Kila kitongoji kilitakiwa kutoa watu wawili, na mwenyekiti wake, akiikumbuka ile kona, hakuhangaika kutafuta jina jingine. Mwalimu alikuwa nesi Specioza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimlaza mdoli asiye na miguu kwenye mkeka, akawaonyesha namna ya kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama: mara thelathini, kwa nguvu, kisha pumzi mbili, kisha unaanza upya. Wengine walihesabu kwa Kisukuma kwa kuwa mdundo uliwakaa vizuri. Bujiku alikandamiza mpaka jasho likamdondokea mdoli usoni.

"Hapo sawa," nesi alimwambia. "Mwanzo ulikuwa unampapasa."

Siku ya pili walijifunza kupaliwa. "Aliyepaliwa akiwa anakohoa, mwacheni akohoe, hewa bado inapita," Specioza alisema. "Akinyamaza ghafla, muulizeni swali. Akishindwa kujibu, msimpe maji. Mpigeni mgongoni mara tano, katikati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu."

Bujiku akanyoosha mkono. "Sista, na kama ni mama mkwe?"

Watu walivunjika mbavu. Specioza, aliyezaliwa hukohuko na kuolewa hukohuko, alicheka nao. Kisha akasema, "Mimi nafundisha koo, baba. Ya ukweni mtayamaliza wenyewe."

Mwezi Julai, Jumapili moja, Bujiku na mkewe Kija walikwenda Mwamapalala kwenye sherehe ya kipaimara ya Lucy, mtoto wa shemeji yake Masunga. Wanaume walikaa mbele chini ya turubai, wanawake nyuma ya uzio wa mabua. Bujiku aliuelekezea uzio ule mgongo asije akaona kisichomhusu. Upande wa pili Mama Nyanjige alikuwa akitafuna matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, huku akiwasimulia wenzake jinsi kijana wa kwaya alivyosinzia kanisani. Akacheka na chakula kikiwa mdomoni. Akaanza kukohoa.

"Pole, mayu, pole mama," mtu akasema.

Kikohozi kiliendelea kidogo, kisha kikakatika.

Wengine wote waliosikia walidhani amepona. Bujiku peke yake alishusha kijiko. Alisubiri asikie neno lolote, hata mguno, au mama aendelee na kisa chake, maana Nyanjige hakuwahi kuacha kisa njiani. Kimya. Kikombe kikaanguka.

"Kija!" aliita. Kija alikuwa ameenda kisimani. "Jamani, muulizeni mama kama anaweza kuongea!"

"Ametulia," sauti ya mwanamke ikamjibu. "Tunampa maji."

"Msimpe maji! Mpigeni mgongoni!"

Mtu akacheka. Mkwe anapiga kelele juu ya uzio, na chakula chenyewe hata hakijaisha! Hapo Bujiku akaogopa kwelikweli. Akikosea, atakuwa amemshika mama mkwe mbele ya ukoo mzima bila sababu, na hatakanyaga tena boma lile. Akikaa, atamsikiliza akifa.

Hakutafuta mlango. Alipita katikati ya mabua.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba alimtazama usoni. Macho yalikuwa yamemtoka, mikono imeshika koo, midomo inageuka rangi. Bujiku akamwinamisha, akampiga mgongoni mara tano. Wanawake walipiga yowe. Masunga akaja mbio, akamkamata bega. "We Bujiku! Una wazimu? Huyo ni mama!"

"Najua ni mama! Niache!"

Akamwinua, akasimama nyuma yake, akamzungushia mikono. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo lilimtisha. Akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu kipande cha tobolwa, kikubwa kama kidole gumba, kikaruka mkekani.

Nyanjige akavuta hewa kwa mlio, akakohoa, akalia. Na alipopata nguvu kidogo, jambo la kwanza alilofanya ni kujifunika kanga usoni. Bujiku akamwachia kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mpelekeni zahanati wamwangalie," aliwaambia akitazama mkeka, si nyuso zao, kisha akaondoka upesi mpaka zizini, akakaa huko.

Walimpeleka mchana uleule, akakutwa salama. Bujiku hakukaripiwa na mtu, wala hakushukuriwa. Masunga alimletea sahani zizini, akaiweka chini na kusema, "Kula, shemeji," bila kumtazama. Hakikulika.

Wiki tano zikapita. Kija alimpigia mama yake kila baada ya siku mbili. Mama aliwaulizia wajukuu, akamuulizia hata ndama, ila Bujiku hakumgusia.

"Zamani alikuwa ananitumia salamu," Bujiku alisema.

"Mpe muda," Kija akajibu.

Kibandani wateja walimtania: fundi, umetukumbatia mama! Alitabasamu kwa adabu. Wakarudi tena, wakakuta anafanya kazi kimya, wakaacha wenyewe kutania. Iliwauma kumwona hivyo. Yeye lililomuuma ni moja tu: kwamba amemwokoa mama wa watu na bado amempoteza.

Siku moja ya mnada alikuwa ameinamia gurudumu akinyoosha spoku, jua halijawa kali. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri baiskeli yake akamnong'oneza, "Fundi, mkwe wako yule kule ng'ambo." Bujiku hakuinua kichwa. Aligeuza kigoda, akaipa barabara mgongo, kama inavyopasa. Alijua kwamba naye huko amevuta kanga na kugeuzia uso upande wa pili.

Hatua zikaja taratibu, zikafika usawa wa kibanda, zikasimama.

Nyanjige akakohoa. Hakuwa na mafua wala vumbi halikuwapo. Alikohoa mara mbili, kwa kifua kizima, kama mtu anayetaka asikike mpaka Bariadi. Akanyamaza kidogo. Kisha, kusudi mtu fulani asije akapata wasiwasi na ule ukimya, akakohoa tena, na hatua zake zikaelekea mnadani.

Bujiku aliendelea kutazama gurudumu. Spoku hakuziona, machozi yalikuwa yamemjaa.