Mguu Mfupi wa Kiti cha Baba

Jumamosi ya kwanza ya Agosti tulimzika baba, na kabla wiki haijaisha tukapoteza na kiti chake. Baba aliondolewa na ugonjwa. Kiti kiliharibiwa na kaka yangu kwa msumeno.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja la mvule, bila msumari wala gundi. Fundi wake alitoka Mwello. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nakumbuka hakuanza na mti. Alianza na uwanja wetu hapa Dabani. Alimwambia baba achuchumae mahali alipopenda kupumzika, mbele ya mlango, ambapo ardhi inateremka kuelekea zizini. Akapima magoti yake, akapima mteremko kwa kijiti, akaenda zake. Aliporudi na kigoda, mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Huo ulikaa upande wa juu wa mteremko. Ukikiweka ndani kwenye saruji, kinainama kama mlevi. Ukikiweka pale mlangoni, kinatulia kabisa, hata kikombe cha chai juu yake hakimwagiki. Hakuna mwingine aliyekikalia, na mwanamke ndiyo kabisa hakuruhusiwa.

Kaka anauza viti Busia, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Sivipendi, na sitasema navipenda kwa sababu ni ndugu yangu. Sofa zake zimevimba kama mgonjwa wa figo. Pasua kitambaa kinachong'aa, utakuta mbao za makreti na magunia. Ana vya ofisini vya kuzunguka, mtu akikaa tu anajiona meneja. Nitasema haki: anacho kimoja kizuri, cha chuma chembamba kilichosukwa kwa nyuzi za plastiki, kinanesa kidogo na kupitisha hewa mgongoni. Aliyekibuni alimfikiria mkaaji. Nilipomwambia kaka hivyo, alinijibu, "Hicho hakinunuliwi, dada."

Jumapili alikikuta kigoda chumbani kwa baba, nilikokiingiza kwa sababu ya mvua.

"Mzee alikuwa anakalia kitu kimepinda hivi, na mimi nina duka? Siku ya kunyoa watu watanicheka."

"Chukua," nilimwambia. "Kipake hata rangi ya kucha, mradi uondoke."

Nilimpa mwenyewe. Nilikuwa nimechoka na sauti yake, na habari ya mguu sikumwambia.

Kwetu, siku ya kunyoa nywele za msiba, mdogo wa marehemu anamshika mrithi mkono na kumkalisha kwenye kiti cha marehemu, mahali pale pale. Akishakaa, boma ni lake. Kaka alikuwa ameshatangaza kwamba akikaa tu, shamba la chini atalikodisha. Shamba hilo nalilima mimi. Ndilo lililomlisha baba miaka yote aliyokuwa kitandani, huku kaka akipiga simu tu.

Jumanne alikirudisha kimefungwa kwenye nailoni, kinanuka vanishi. Alikiweka kwenye saruji. Kilisimama sawa. Ile miguu miwili mirefu alikuwa ameikata.

"Fundi wenu alikosea, nimemrekebishia," alisema. "Sasa ni kiti cha watu."

Niliona papo hapo kitakachotokea kesho yake. Nilinyamaza kwa makusudi.

Jumatano watu walijaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Baba mdogo alikiweka kigoda mlangoni, akamshika kaka mkono.

"Kaa. Sasa boma ni yako."

Kaka akakaa. Vanishi ilikuwa laini, suruali ya suti laini zaidi, na kiti sasa kiliinamia zizini. Aliteleza akaangukia magoti kwenye tope. Kigoda kikapinduka kikalala ubavu. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengi.

Baba mdogo aliinama, akaishika miguu mmoja mmoja. "Nani nakata hii?"

"Kilikuwa kimepinda, baba mdogo."

"Kimepinda? Wewe nazaliwa hapa, na hujui uwanja ya kwenu nateremka?" Akasimama. "Hii si kiti ya ndugu yangu. Leo hapa hakuna mtu amekaa." Akanigeukia. "Na wewe binti, ulijua?"

"Ndiyo. Tangu jana."

"Mchawi!" kaka alifoka.

"Nyamaza, jipanguse magoti," baba mdogo alimjibu. "Na wewe usijione msafi. Wote wawili, nendeni mkanyolewe."

Tulinyolewa kwa wembe, yeye kwanza, mimi baada yake, bila kutazamana. Suala la boma liliahirishwa, na mpaka leo halijazungumzwa. Kaka alivuka mpaka mchana ule ule. Kigoda kilibaki kimelala pale kilipoangukia, watu wakikikwepa.

Ng'ombe waliporudi nilikiokota nikakipeleka jikoni, ambako sakafu ni sawa. Nikakikalia, nikamenya mihogo.