Matofali Elfu Tano na Arobaini na Moja

Ninafundisha hesabu Kasese, na mwaka ule nilitaka kuoa Bwera, mji wa mpakani. Wazazi wa mchumba wangu walikuwa wameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, mama wa Butembo aliyevuka mpaka na kuanza kazi ya kufyatua matofali. Asiponikubali yeye, wazee wangu wasingeweza hata kuja kujitambulisha. Na alikuwa hajanikubali. Aliniita Mwalimu, akanipa chai, akaongea habari za mvua.

Jumamosi moja akaniambia amemaliza kufyatua: elfu tano na arobaini na moja. Kesho yake baada ya misa watu wa jumuiya wangekuja kuyabeba hadi kwenye tanuri, na kwao mzigo hugawanywa sawasawa, mtu asije akanung'unika. Akaniuliza yatagawanyika kwa watu wangapi bila kubaki hata moja.

Nilifurahi mno. Hatimaye nimeulizwa kitu ninachokijua. Nikatoa kalamu, nikajaribu mbili, tatu, tano, saba, nikaendelea. Kipeuo cha pili cha namba ile nilikikadiria kuwa sabini, na namba tasa ya mwisho chini ya sabini ni sitini na saba. Nilipoipita hiyo bila kupata kitu, nikafunga daftari. Nikamweleza, shingo imenyooka, kwamba hiyo nayo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaongeza kwamba angepunguza tofali moja tu, yangegawanyika kwa kila namba kuanzia moja hadi kumi. Kwa nini niliongeza hilo, sijui. Mdomo wangu haujawahi kunisaidia.

Alinitazama, kisha akaniongoza hadi uwanjani matofali yalikoanikwa.

"Mwalimu, mistari iko makumi saba na moja," akasema. "Na kila mustari iko na matofali makumi saba na moja. Hesabu."

Nilihesabu. Sabini na moja mara sabini na moja, mraba kamili, umelala juani mbele yangu, nami nimeukosa kwa hatua moja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikirudi Kasese, kabla hata ya kufika Kikorongo, nilikuwa nimeshaizika ile posa.

Jumapili nilirudi hata hivyo, angalau nisaidie kubeba. Watu walikuwa wengi kuliko mistari. Shangazi alimgawia kila mmoja mstari wake, akihesabu kwa sauti, nami nikasimama pembeni karibu na kuni za tanuri. Alipofika sabini akaacha kugawa. Waliobaki akawatuma maji. Mwanakwaya mmoja akauomba ule mstari wa mwisho, akakataliwa.

Kisha akanigeukia mimi.

"Mukwe," akasema, "hii ya mwisho iko yako."

Nilibeba matatu matatu, nikicheka peke yangu. Safari ya mwisho yakabaki mawili, maana sabini na moja ndiyo tasa kweli. Hiyo niliihakikisha mara mbili.