Siku Nilipomsafishia Mgeni Mtaa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mkimaliza, si sasa.

Mwanangu Elia huendesha basi hapa Stockholm. Akirudi kwetu Rågsved huzunguka na gari lake hadi chakula kinapoa, maana watu wa mbali huacha magari mtaani kwetu wakapanda treni kwenda mjini. Tukaiomba manispaa itoe vibali, mwenyeji tu ndiye aegeshe. Wakajibu kwamba watamtuma bwana mmoja aje kuangalia.

Nikashangaa: mtu mzima atoke ofisini kuja kutazama magari? Ataona nini? Lakini mgeni ni mgeni, na kwetu Moshi hapokelewi kwenye fujo. Alfajiri nikatoka na mjukuu wangu Neema, anayejua Kiswidi. Kila gari lilipokuja nikamwambia, "Mwambie aende kwingine, leo tuna mgeni." Na Waswidi walivyo watiifu, wakaondoka! Nikafagia barabara ikawa nyeupe.

Bwana akafika, akatazama huku na huku, akasema neno.

"Bibi, anauliza shida iko wapi," Neema akanitafsiria. "Anasema nafasi ni tele."

Jirani yetu Karin, aliyeongoza maombi yetu, akashika kichwa. Akauliza nani kafukuza magari. Neema akanitazama, na mtaa mzima ukanitazama, ufagio mkononi.

"Mama," Elia akasema taratibu, "alikuja kuona hiyo fujo."

Jioni nikawaamuru wa nyumbani kwangu: "Bwana yule akirudi, asitoke mtu kumpokea. Magari yajae mpaka akose pa kuweka la kwake."