Tanki la Mama Hawa Lilipoingia Ziwani

Niliondoka Morogoro kwa hasira. Mimi ni mchoraji na muundaji wa matanki, na Mama Hawa, muuza mawese wa Kasingirima, Ujiji, alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba tanki langu linayumba. Linayumbaje? Nililichora mwenyewe likae juu ya miguu yake, tumbo pana, tupu ndani, mawese yapande juu, maji na tope vishuke vitolewe kwa koki ya chini. Nikapanda treni nikamwone anayelitesa.

Kigoma tulifika asubuhi, nikachukua bodaboda mpaka Ujiji. Nilimwamkia Mama Hawa, akaniandalia ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya mawese. Nilipouliza tanki liko wapi, akasema liko kazini, nimfuate. Nilidhani tunakwenda uani, kumbe tunashuka ufukweni.

Jamani! Tanki langu lilikuwa ndani ya boti la mbao, miguu imekatwa, limefungwa kamba. Nilipigwa na butwaa.

"Mama, hili ni la kusafishia," nilisema.

"Ndiyo, la kusafirishia. Si ndivyo nilivyokwambia?"

Hapo nikaelewa. Siku ile aliponipigia kuagiza, mtandao ulikuwa ukikatika. Yeye alisema kusafirishia, mimi nikasikia kusafishia. Tanki la safari huwekewa kuta za ndani zenye matundu, mzigo usikimbie huku na huko. Langu halikuwa na hata moja. Nilimweleza, akanijibu kwamba likijaa linatulia kabisa, linayumba likiwa nusu tu, na mara nyingi hurudi limejaa. Nikapanda botini, kichwa changu kigumu, nijionee.

Katika kijiji cha kusini anakonunua, tulikuta mawese yamepatikana nusu tanki tu. Nilimsihi ayaache. Akasema wateja wanamsubiri.

Wakati wa kurudi, Ujiji ikianza kuonekana, upepo ukabadilika. Boti liliinama upande mmoja, mawese yote yakakimbilia huko huko, yakalikandamiza. Likainuka kwa shida, likaangukia upande wa pili. Binti yake Mama Hawa, mwenye mtoto mgongoni, alishika kamba akaanza kuomba dua. Mimi sijui kuogelea. Nikawa nayasikia tu yale mawese yakigonga bati nililolichomelea mwenyewe. Ndipo nikakumbuka: likijaa linatulia.

Nikamwambia nahodha ageuze boti likabili mawimbi, wengine tuchote maji ya ziwa tulijaze tanki.

Mama Hawa alinishika shati. "Mimi? Maji kwenye mawese?"

Nilimwelewa. Muuza mawese akishasemwa kwamba anatia maji, jina lake limekwisha, wateja wanahama.

"Yatatengana, Mama. Ndiyo kazi ya hili tanki."

Alimtazama mjukuu wake, kisha akachukua ndoo ya kwanza yeye mwenyewe. Tulichota na kumimina mpaka mawese yakapanda yakaufikia mdomo wa tanki. Boti lilikaa chini kwa uzito, lakini likaacha kuchezacheza. Tukafika polepole.

Ufukweni wateja walikuwa na madumu yao. Mama Hawa hakuficha, akawaambia ametia maji na kwa nini. Wengine waliguna. Jirani yake mmoja akabeba dumu lake akaondoka.

Kesho yake jua lilipokwisha kulipasha bati, nilifungua koki ya chini mbele ya watu. Yakatoka maji, na maji tena. Mama Hawa hakuniangalia, aliiangalia ile koki. Mwishowe rangi ikageuka nyekundu, nikafunga. Jirani yule alikuwa amerudi, na dumu lake likawa la kwanza kwenye foleni.

Kituoni, kabla ya treni kuondoka, Mama Hawa aliniagiza tanki jingine. "La kusafi-ri-shia," alitamka, akinigonga kifua kwa kidole kwenye ile "ri".

Siku hizi mteja akipiga simu namuuliza kwanza: litakaa au litaondoka? Wengine wananiona mjinga, wananicheka. Nawaacha wacheke, maana namkumbuka yule mtoto mgongoni, amelala usingizi wakati wote tuliokuwa tukichota maji.