Njia ya Bondeni

Nikisikia watu kanisani wanaimba habari za upendo wamefumba macho, namkumbuka jirani yetu wa kule Keza, na hasira inanipanda upya. Kuimba ni rahisi. Mzee yule hawakumjua.

Shamba lake lilikuwa kati ya nyumba yetu na barabara, na njia yetu ilikatiza humo tangu zamani. Siku moja aliamka tu akalizungushia lote, nyumba yake ikiwa ndani, ua wa minyaa. Upande wa barabara aliacha kijigeti chembamba chenye kufuli, na chini, upande wa bonde, upenyo wa ng'ombe wake. Alisema mbuzi wetu wanamfilisi. Mwenyekiti wa kitongoji alikwenda kumsihi, akarudi na matusi. Tangu hapo tukawa tunazunguka bondeni, kwenye tope, ndipo tuifikie barabara.

Baba alipozidiwa hakuweza kukaa kwenye pikipiki. Wanaume walimbeba kwa ngobyi, ile machela yetu ya kusuka, wakamwomba mzee wapite kwake. Akakataa. Wakazunguka, na baba akafia bondeni, mvua inamnyeshea usoni. Msibani mzee hakukanyaga.

Kwa hiyo mama aliporudi kuteka maji akaniambia jirani anagalagala sakafuni kwa ngiri, kwamba mkewe alishamkimbia na wanawe walioko Biharamulo hawapokei simu, nilimjibu kuwa malipo ni hapahapa duniani. Mama alijifunga kanga kiunoni akapita nyumba hadi nyumba kuita wabebaji. Walikuja kwa kumwonea aibu yeye, si kwa kumhurumia mgonjwa. Mimi nami nikashika mti mmoja wa ngobyi, nimenuna.

Mgonjwa hakutupa nafasi. Mara alalamike tunamtikisa makusudi, mara tunanuka jasho. Tulipofika upande wa barabara, ngobyi ikagoma kupita kijigetini. Barabara tunaiona ile pale. Mmoja wetu akasema tukate minyaa. Mzee, na maumivu yake yote, akainua kichwa.

"Ua wangu usiguswe."

Tukasimama. Matone ya mvua yalikuwa yameanza. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Basi tumzungushe bondeni, kama alivyomzungusha baba."

Wenzangu walishaanza kugeuza ngobyi. Mama akaja mbele yangu.

"Baba yako alishakufa, mwanangu," akasema. "Huyu bado."

Akachukua panga la mmoja wetu, akaukata ua mwenyewe. Minyaa haina mzaha, utomvu ulimrukia jichoni. Tulipita kwenye pengo mzee akimlaani mama yangu, naye akitembea kando ya ngobyi, kanga ameikandamiza kwenye jicho.

Mzee alipasuliwa, akapona. Jicho la mama halikupona. Mpaka leo ni jekundu na linatoa machozi, na wasiomjua hudhani analia. Mzee aliporudi, kidonda hakijakauka vizuri, alipanda minyaa mipya kwenye lile pengo. Asante ya punda ni mateke, nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini niliumia kana kwamba sikujua.

Mama akaanza kumpelekea uji kila asubuhi. Kwa kuwa upande wetu ua haukuwa na pa kupita, alizunguka bondeni, kibuyu mkononi, akapita mahali pale pale baba alipokata roho, akaingilia kwenye upenyo wa ng'ombe. Nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza anawezaje kumpenda mtu kama yule.

"Moyo wangu bado haumtaki," alinijibu, akikoroga sufuria. "Nikiusubiri utake, atakufa na njaa."

Namchukia yule mzee, siwezi kudanganya, na kila Jumapili napeana mkono wa amani na watu ambao hawajanikosea lolote.

Asubuhi moja mama alirudi kibuyu kikiwa bado kimejaa. Mzee alikuwa ameonja, akasukuma kando, akasema uji hauna sukari.

Kesho yake mama aliutia sukari, ile yetu ya mwisho, akashika njia ya bondeni.