Eunike na Sufuria la Moto wa Gesi

Eunike alizaliwa Kikwe, bondeni kwenye joto na mahindi, akaolewa juu huku mlimani kwenye migomba, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuizoea baridi ya Julai. Shule aliiona kwa nje tu, akiwapelekea kaka zake chakula. Lakini moto aliujua. Ukimpa visiki vya kahawa na vijiti viwili vya kuanzia, hata kama mvua imenyesha siku tatu, atakuwashia moto utakaokaa mpaka alfajiri bila mtu kuupuliza.

Mumewe Daniel alipokufa, shemeji yake Aminieli alipanda kutoka Kijenge, mjini, na gari, akalia msibani kuliko mjane. Maua ya kaburini hayajakauka, akawa ameshaanza kukipima kihamba, lile shamba la ukoo, kwa hatua. Kahawa ikang'olewa, migomba ikafyekwa, nyasi zikapandwa, mahema yakasimama. Wazungu wakaanza kuja kulala pale ili asubuhi wautazame Mlima Meru wakiwa bado wamejifunika blanketi. Nyumba ya Eunike ikafanywa mapokezi. Yeye akabakiziwa chumba kimoja nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka kaburi la mumewe.

Siku ya kikao cha ukoo, Aminieli alisimama mbele ya mzee wa kanisa, Mzee Sifael, akamtaja Eunike kwa jina la binti yake, akasema, "Mama Nancy hatatolewa kwenye chumba chake, maadamu yeye ndiye anayewasha moto wa wageni."

Watu wakapiga makofi. Eunike naye akapiga, tena kwa nguvu. Miaka saba akapasua kuni, akawasha moto, akanuka moshi hadi kanisani, akiamini chumba ni chake. Hakujua kwamba yule mtu alikuwa ameyapima maneno yake kama alivyokipima kihamba.

Julai hii Aminieli akaja na maboksi matatu. Ndani mlikuwa na madude ya chuma ya mviringo, kila moja na mpira wake wa gesi. Madereva waliyaita faya-piti, yaani majiko ya kuotea moto nje. Eunike aliona sufuria la pilau lisilo na pilau. Pamoja nayo kulikuwa na mifuko ya mawe meusi yenye matundu, ya kupangwa juu ya moto ili uonekane wa maana.

"Haya mawe umeyanunua, shemeji?" Eunike aliuliza.

"Yametoka nje. Ni mawe ya volkano."

"Mimi hapa nimevunja majembe manne kwa mawe ya volkano. Ungeniambia nikujazie gunia."

Dereva Lesian, aliyekuwa akishusha mizigo ya wageni, alicheka mpaka akaegemea gari. Aminieli hakucheka. "Mama Nancy, wageni hawataki moshi. Wakirudi kwao nguo zinanuka, wanaandika vibaya kwenye mtandao. Kuni zimekwisha hapa. Leo jioni Mzee Sifael anakuja kuombea huu moto mpya. Alishuhudia yale maneno ya zamani, atashuhudia pia kwamba yamefika mwisho. Jumamosi anza kufunga vitu vyako."

"Nifunge niende wapi?"

"Una binti ameolewa Babati. Au Kikwe kwenu, kwani kumehamishwa?"

Eunike alimtazama kama anavyotazamwa panya aliyekutwa ndani ya unga. Hakulia. Machozi yake Aminieli alishayala yote mwaka ule wa msiba.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wageni wanane walikaa kwenye viti vya turubai kulizunguka sufuria. Mzee Sifael aliomba kwa kirefu, akamshukuru Mungu kwa maendeleo. Aminieli akafungua mtungi wa gesi, akabonyeza kitufe, moto ukaruka wa bluu na njano juu ya mawe ya kununua. Wageni wakapiga picha. Eunike alisimama mlangoni pa jiko, mikono ndani ya kanga, akaona chumba chake kinaungua pale bila moshi.

Kisha baridi ikashuka. Wanaoishi huku wanaijua: inateremka kutoka kileleni taratibu, inakuingia kwenye magoti kwanza. Mtungi wa gesi ukaanza kutoka jasho, jasho likageuka ukungu mweupe wa barafu, na moto ukasinyaa hadi ukabaki kama wa kibatari. Wageni wakavuta viti karibu, wakavuta tena, mpaka magoti yakagusa chuma.

"Gesi inaisha," alisema Aminieli, kwa tabasamu kubwa. "Dawa yake naijua."

Dawa yenyewe ni ile ya jikoni kwake Kijenge, na ya majiko mengi ya mjini: gesi ikikaribia kuisha unaulaza mtungi chini, unauviringisha kidogo, ugali unaiva. Eunike alipokwenda Kaloleni mwaka juzi alimsikia muuza gesi akimfokea mama mmoja kwa jambo hilohilo, kwamba mtungi ukilala, gesi inatoka ya maji, na siku hiyo hutapika ugali, utajipika wewe.

Aliweza kunyamaza. Ulimi wenyewe ulitaka kunyamaza. Lakini pale walikaa watu ambao hawakumkosea kitu.

"Shemeji, usiulaze huo."

"Wewe fundi wa gesi tangu lini? Rudi kwenye majivu yako."

Basi akarudi nyuma hatua mbili. Aminieli akaulaza mtungi, akauviringisha kwa mguu.

Moto ulipanda juu kuliko mtu, ukanguruma. Wageni walianguka na viti vyao. Mkono wa koti la Aminieli ulishika moto, akawa anajipigapiga huku akiita jina la Yesu, naye Mzee Sifael akakimbia kwa kasi ambayo hakuna muumini aliyewahi kuiona. Eunike alivua kanga, akaizungushia mkononi, akapita pembeni, akausimamisha mtungi, akafunga koki. Moto ukafa. Kukabaki giza linaloingia na harufu ya nyuzi za koti.

Neno la kwanza la Aminieli lilikuwa hili: "Umeniombea mabaya, wewe mwanamke!"

"Ningekuombea mabaya ningeacha koki wazi."

Mgeni mmoja mama alikuwa analia, anatetemeka. Lesian akawafunika blanketi za gari, kisha akaja kwa Aminieli. "Bosi, hawa siwezi kuwalaza kwenye baridi hii bila moto. Nawarudisha mjini. Na kampuni nitaiambia kilichotokea."

Aminieli akageuka. Sauti ilikuwa imepata sukari ghafla. "Mama Nancy, tafadhali. Washa kuni."

Eunike alivuta kigoda akakaa. "Kuni zimekwisha hapa. Wewe ndiye umesema."

"Mama, watu wanaumia!"

"Mzee Sifael, rudi huku, moto umezimika. Chukua kalamu. Andika kwamba chumba ni cha Eunike mpaka afe, iwe anawasha moto, iwe hawashi, hata mkiwasha jua."

Mzee alimtazama Aminieli. Aminieli alimtazama Lesian, ambaye alishafungua mlango wa gari. "Andika," alisema huku ameuma meno.

Mzee akaandika juu ya kipande cha boksi la lile sufuria, Aminieli akatia sahihi kwa mkono usiouma. Eunike hakukipokea. "Lesian asome. Wewe mzee siku ile ulisikia, na leo ulikuja kuyafukia uliyoyasikia."

Lesian akasoma.

"Soma tena. Polepole."

Wageni walitetemeka, naye akaacha watetemeke mpaka neno la mwisho liliposomwa mara ya pili. Ndipo alipokunja kipande cha boksi, akakitia kifuani, akaenda nyuma ya jiko kubeba visiki vya kahawa. Kwa kiberiti kimoja moto ukashika. Wageni wakasogea, mmoja akaunganisha viganja kumshukuru.

Aminieli naye akasogea, amejikunyata, ameshika mkono wake, akatafuta pa kuweka kiti.

"Hapo sipo," Eunike alimwambia. "Wewe kaa upande ule unakokwenda moshi."